Alama Isiyo na Matundu

Mama Pasi amenyoosha nguo za watu miaka kumi na tisa, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, chenye joto la kumfanya mtu atubu. Mifukoni amekuta vitu vingi: tiketi, meno ya bandia, barua za mapenzi ambazo hazikuandikwa na mke. Vyote hurudisha. Ila karatasi huzisoma kwanza. Atajuaje kama ni za muhimu?

Ndivyo alivyojifunza mantiki. Mwalimu mmoja wa chuo alisahau notisi zake kwenye koti: hoja ina dai, ina sababu za kulibeba, na mara nyingi kuna sababu moja imejibanza katikati, haisemwi. Mama Pasi akasoma mara tatu, akaona kumbe ni mambo ya shati tu. Usidanganywe na kola, geuza uone mishono.

Jumatatu mwalimu huyohuyo akaingia anafoka, mkononi shati jeupe alilolichukua Jumamosi, kifuani doa la kahawia lenye umbo la pasi.

"Shati limeungua! Aliyelipiga pasi ni wewe. Kwa hiyo wewe ndiye umeliunguza!"

Mwenye duka, anayeogopa wateja kuliko mauti, hakuuliza lolote. "Mama Pasi, vua aproni. Kazi imeisha."

Aproni haikuvuliwa.

"Bosi, tulia. Mwalimu, dai lako nimelisikia, na mtaa mzima pia. Sababu ya kwanza, kweli. Ya pili, kweli. Ya tatu umeificha wapi?"

"Ya tatu ipi?"

"Kwamba tangu litoke hapa halijaguswa na pasi nyingine."

"Hilo si linajulikana!"

"Na nani?"

Akageuza pasi yake ya mvuke. Tumbo lote matundu, kama chujio. Akailaza juu ya kitambaa kibovu, akaiacha mpaka moshi ukafuka. Alama ikatoka na vidoa vyeupe, kila tundu na chake. Ya kwenye shati ilikuwa kahawia tupu, bila kidoa hata kimoja.

Mwalimu akapatwa na kikohozi. "Asubuhi... kulikuwa na mkunjo mdogo. Nikaugusa tu."

"Simu ikalia."

"Ikalia."

Mwenye duka akawa anakagua dari. "Basi, Mama Pasi, rudi kazini."

"Niliondoka lini, bosi?"

Akachomoa bahasha chini ya meza, akampa mwalimu. "Notisi zako. Ukurasa wa pili ulikunjamana, nimeunyoosha. Tafadhali, usiuguse nyumbani."