Rangi ya Trekta la Ta Ildefons

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Ildefons Lwakatare, Ta Ildefons kama majirani walivyomwita kwa heshima, alikwenda bandani nyuma ya nyumba na jagi la maji, akafungua rejeta ya trekta lake, akachungulia, akaongeza, kisha akazungusha hendeli. Injini ikishakohoa na kukubali, alisimama kando yake akitafuna punje za kahawa mpaka ladha iishe, ndipo akaizima. Trekta halikwenda popote. Kibanja chao, nje kidogo ya mji wa Muleba, kilikuwa migomba na mibuni mitupu, na humo lisingegeuka bila kuangusha mkungu.

Lilikuwa Ferguson dogo la kijivu. Aliliendesha misheni tangu ujana wake, akisomba mawe na mbao, na walipopata jipya wakamwachia hilo alipostaafu. Mkewe, Edvina, alibandika chai kwa kusikia mlio wake.

Mwaka huu bega la kulia likaanza kumgomea. Kuna asubuhi alizungusha hendeli mpaka akakaa chini. Watoto wao wa kiume, walioko Mwanza, walikwishasema siku nyingi kwamba baba akishindwa, chuma kile kiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo alipotokea Anwari, muuza vipuri wa Hamugembe kule Bukoba, Ildefons alimsikiliza. Anwari alikuwa akikusanya matrekta ya zamani. Aliyafuata mpaka Ngara na Karagwe, akayaweka chini ya paa, na kila Jumapili akayawasha. Waliongea kwenye simu mara nyingi, mambo marefu ambayo Edvina hakuyafuatilia. Mwishowe wakapatana. Ildefons alitoa neno lake, na hakuwa mtu wa kulirudisha.

Siku moja kabla ya mgeni kufika, Edvina alitandika nyasi mbichi sebuleni, akachagua ndizi nzuri, akaweka tayari kahawa ya kutafuna. Kisha akalitazama trekta, akaona haya. Mgeni mzima atoke Bukoba, akute kitu kimechubuka namna ile? Ilikuwepo rangi ya buluu iliyobaki walipopaka milango. Akapaka boneti, akapaka madigadi. Ildefons alikuwa kwenye kigoda hatua chache tu kutoka hapo, akichambua kahawa. Aliinua macho, akamtazama, akaendelea kuchambua.

Anwari alifika asubuhi na lori. Akalizunguka trekta, akarudi alipoanzia, akakuna kidevu.

“Ma Edvina,” akasema, “umelivalisha vazi la kwenda kanisani.”

Edvina akacheka, akidhani anasifiwa. Ndipo Anwari akaeleza kwa upole kwamba matrekta yaliyopakwa upya yamejaa kila mahali. Lenye rangi yake ya kiwandani, na alama za dereva wake, ndilo watu wanatoka Kampala na Nairobi kuja kulitazama. Hili sasa halikuwa tena lile alilolifuata.

“Hakuna neno,” Ildefons akasema. “Ingia ule kwanza.”

Wanaume wakaingia. Edvina akabaki nje, uso unamwaka. Kugusa boneti, kidole kikatoka cha buluu. Usiku ulikuwa na unyevu na rangi haikukauka. Akaleta mafuta ya taa na kanga kuukuu, akaanza kufuta. Walipotoka, kijivu kilikuwa kimerudi, na pale goti la Ildefons liliposugua miaka yote pakaonekana peupe, panang'aa. Anwari akakunja mikono ya shati, akashika upande wa pili, akimtania Edvina kwamba mtu kama yeye angemfaa dukani. Ildefons alisimama mlangoni, amelishika bega lake.

Mchana lori likaondoka na trekta. Siku ile Edvina alilala na furaha ya mtu aliyeokoa jambo.

Asubuhi iliyofuata Ildefons alitoka na jagi la maji kama kawaida. Akafika bandani, akasimama kidogo, akarudi nalo likiwa limejaa. Edvina alimwona kutoka jikoni, mkono juu ya birika, naye akakikumbuka kile kigoda.

“Baba Restituta,” akasema, “ulikuwa umekaa pale pale nikipaka ile rangi. Mbona hukunizuia?”

Ildefons akaweka jagi mezani.

“Nilitaka alikatae.”