Nati Niliyoikaza Mimi

Mashine yangu ya kusaga iko Machame, chini ya kihamba, shamba letu la migomba, pale barabara inapokata kona. Inakula umeme mkubwa, ule wa fezi tatu, na mota yake ni nzito kama ndama. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mashine hiyo naijua kwa pua. Desemba moja, siku chache kabla ya Krismasi, boksi la swichi likaanza kunuka plastiki inayoungua. Nikaligusa. Moto! Basi nikalowanisha ganda la mgomba, nikalilaza juu ya boksi lipoe, kama tunavyopoza debe la maziwa.

Mjukuu wangu wa kike, fundi umeme, alikuwa amekuja likizo. Nilimsomesha kwa unga wa mashine hiyohiyo.

"Shikamoo, bibi. Hilo ganda la maji nani kaliweka juu ya umeme?"

"Marahaba. Mimi. Linapoza."

"Litakuua, bibi."

Akazima swichi kubwa ya ukutani. Nje kulikuwa na foleni ya akina mama na ulezi wao wa mbege ya sikukuu. Asiyesaga siku ile, pombe yake isingewahi. Jirani yangu mmoja, mwenye mdomo, akapaza sauti: "Leo kasichana kenye spana kanatunyang'anya Krismasi!" Wakacheka wote.

Mjukuu alipima kwanza kama umeme umekatika kweli, ndipo akafungua boksi na kuniita. Nati iliyobana waya aliizungusha kwa vidole viwili tu. Waya ulikuwa mweusi kama chungu cha mbege.

"Mashine inatikisika kutwa, nati inalegea. Ikilegea, umeme unapita kwa shida na pale panachemka. Pakichemka, panalegea zaidi. Wewe unapoza nje, ndani panaungua."

Akakata ncha zilizoungua, akasugua shaba mpaka ikang'aa, akaweka nati mpya na washa, kile kipete cha chuma cha chini ya nati, kwenye nyaya zote tatu. Akakaza kwa spana yake inayolia "ka!" ikifika kiasi. Ikilia, anaacha. Kisha akapanda nyumbani kufuata skrubu za kifuniko. "Msiguse kitu," akasema.

Nikabaki naitazama ile nati. Mkono mwembamba vile umekaza nini? Nikachukua spana ya kawaida, nikaichomeka kwenye kipande cha bomba, kama wanaume wafanyavyo kwenye tairi la trekta, nikaninginia na uzito wangu wote. Ta! Boliti ikakatika.

Hakuna aliyeniona.

Mjukuu aliporudi akachuchumaa mbele ya boksi. Akaitazama spana yake, akautazama mkono wake. Jirani akachungulia: "Si nilisema? Kameharibu kabisa!" Mtoto alidhani kosa ni lake.

Nasema ukweli: nilitaka kunyamaza. Mwenye mashine ni mimi, mwenye sauti ni mimi. Lakini ningenyamaza, nani tena Machame nzima angempa huyo mtoto kazi?

Nikazunguka nyuma hadi kwenye uzio, nikakata jani la isale. Kwetu, ukimkosea mtu sana unampelekea jani hilo kuomba radhi, naye hakatai. Kawaida vijana ndio wanatuletea sisi wazee. Sijawahi kuona bibi akimpelekea mjukuu. Nilimpa kwa mikono miwili, mbele ya foleni nzima.

"Boliti nimeikata mimi. Kwa bomba."

"Kwa bomba! Bibi, ile ni nati, siyo shingo ya jogoo!"

Akina mama wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Nikavumilia. Yeye akalichomeka jani kwenye mfuko wa shati, akapanda bodaboda hadi madukani Majengo kutafuta boliti. Saa nane alikuwa amerudi. Alikaza, spana ikalia, akaacha, mikono yangu ikiwa nyuma ya mgongo. Akachora mstari mwekundu kutoka kwenye nati hadi kwenye boliti. "Vipande vya mstari vikipishana, ujue nati imesogea. Zima, kisha niite."

Mashine ikawaka bila harufu yoyote.

Jirani aliposaga, akasimama na ndoo yake ya unga, hajui aanzie wapi. Mwisho akaniambia mimi: "Kaka yangu ana mashine ya kuchomelea. Inaunguza waya kila wiki."

"Mbona unaniambia mimi?" nikamjibu. "Fundi yuko hapo. Muombe."

Akamuomba, tena kwa adabu.