Yule Bibi Haigizi

Filamu ilianza mchana, jua likiwa kali, na damu ya kwanza ilipomwagika watu walikuwa wameshaanza kucheka. Ilikuwa juisi ya rozela. Kila mtu ndani ya lile banda la video pale Lisekese aliitambua kwa rangi na kwa jinsi ilivyokuwa nyepesi, na kijana mmoja wa benchi la mbele akapaza sauti, "Jamani, mnamwaga juisi na joto lote hili!"

Nilicheka na mimi. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, kwa sababu mahali penye watu wengi huwa natafuta kwanza njia ya kutokea, halafu ndiyo natafuta pa kukaa. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa nailoni nyeusi ili tupate giza la kututisha, lakini tulichopata ni jasho. Filamu ilikuwa ya hapa hapa kwetu. Aliyeitengeneza ni kijana anayepiga picha za harusi mjini Masasi, na kwa muda mrefu alikuwa ametutangazia kwamba tukishaiona hatutalala. Sasa mzimu wake ulikuwa unatoka kwenye mikorosho umejifunika shuka la maua. Marehemu aliyelazwa kwenye mkeka alijikuna goti.

"Marehemu anajikuna!"

"Mwache, mbu atajuaje kama amekufa?"

Hadithi ilitakiwa iwe ya enzi za mababu, lakini msichana alipokuwa anakimbia porini tulisikia honi ya bodaboda, na banda zima likaitikia kwa miluzi. Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa anasikitika kweli kweli. "Nimeacha kazi zangu nije kuogopa," alisema, "wananiletea vichekesho."

Halafu akatokea bibi yangu.

Nilijua angetokea, ndiyo maana nilikwenda. Bibi huyu, mama mzaa mama, ndiye ninayeishi naye tangu nimalize chuo, mimi nikisubiri ajira, yeye akisubiri, nadhani, niache kujifungia ndani. Ni Mmakonde wa Mkunya, kule Newala. Aliolewa huku kwa Wamakua, mume akafariki, akabaki. Usoni ana chale alizochanjwa akiwa msichana, mistari na pembe zilizopangwa mashavuni na kwenye paji, za aina ambayo siku hizi huioni ila kwa wazee wachache. Mpiga picha alimwona sokoni, akauona uso ule, akamfuata mpaka nyumbani na sukari na sabuni.

Kwenye runinga alikuwa amekaa uani kwetu mbele ya moto, tochi ya simu ikimmulika kutoka chini, moshi ukimpita usoni. Macho yalikuwa mekundu. Alinyoosha kidole kuelekea kwetu akaanza kusema Chimakonde kwa sauti ya chini, haraka haraka, kwa hasira ya kweli. Juu ya maneno yake waliweka ngoma na mwangwi.

Banda likanyamaza.

Nadhani ni mimi peke yangu niliyeelewa. Wengi mle ndani walikuwa Wamakua na Wayao, na hata Mmakonde asingeyakamata maneno yale chini ya ngoma kama hajaizoea sauti yake. Bibi alikuwa analalamika. Alikuwa anasema: tangu asubuhi mmenikalisha kwenye moshi, mguu umekufa ganzi, makopa yangu ya muhogo nimeyaanika na kuku wa watu wanayala, wale pale, wale pale, na nyie mmesimama mnaniangalia kama mmefiwa. Mpiga picha ni mtoto wa wafanyabiashara waliotoka kaskazini, hajui hata salamu ya Chimakonde. Alimwambia tu aseme chochote kwa kilugha, tena kwa hasira. Kumbe hasira ilikuwa tayari.

Kicheko kilinipanda, nikakimeza. Msichana aliyekaa kando yangu alikuwa amejifunika macho kwa mtandio, na mzee wa nyuma yangu alikuwa ameacha kulalamika. Mzimu wa shuka la maua uliporudi, watu walicheka tena, lakini kwa kuchelewa kidogo.

Nje, wengine walikuwa wanadai warudishiwe hela zao, wengine wanamwigiza marehemu anavyojikuna. Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wameegemea pikipiki zao.

"Ovyo kabisa," mmoja alisema. "Ila yule bibi..." Akatikisa kichwa. "Yule bibi haigizi."

"Haigizi kabisa," mwenzake akaitikia.

Chuoni nilifundishwa kuchambua sentensi ndefu kuliko hiyo, lakini ile ilinishinda. Ukimwambia mwigizaji kwamba haigizi, umemsifu kuliko wote. Lakini kwa mwanamke mzee mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, anayeishi na mjukuu mmoja nyumba ya pembeni, maneno hayo hayo yanaweza kuwa mwanzo wa lile jambo la vikongwe na uchawi ambalo tumezoea kulisikia kwenye taarifa ya habari. Nilitazama uso wa yule kijana nijue alikuwa na maana gani, sikuona kitu. Nikajikuta nasema, "Anaigiza. Alikuwa analalamikia makopa tu."

"Wewe umejuaje?"

"Ni bibi yangu."

Walinitazama wote wawili. Kisha mmoja akawasha pikipiki yake akaondoka, ingawa hakuwa na abiria.

Kabla wiki haijaisha kipande kile kilikuwa kwenye simu za watu. Mtu alikuwa amekikata kutoka kwenye filamu na kuandika juu yake kwa herufi kubwa: HUYU HAIGIZI. Kilifika kwenye kundi la wazazi wa shule, kikafika kwenye kundi la mtaa, na kila kilipofika watu waliweka vikaragosi vya kulia, ambavyo siku hizi vinaweza kuwa kicheko na vinaweza visiwe. Mjomba alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Mkunya. Huko nako, wanakoijua sauti yake, walikiona, na hawakuweza kuendelea kuongea kwa kucheka. Watoto wa huko wakikutana njiani walikuwa wananyoosheana vidole wakisema wale pale, wale pale. Niliusikiliza ujumbe ule nikiwa nimejifungia chumbani, nikawaonea wivu.

Bibi mwenyewe alifurahi. "Kumbe nimetokea vizuri?" aliuliza, akataka nimwonyeshe tena.

Sikumwambia ninachokiogopa. Nilianza kuangalia nani anapita mbele ya nyumba na nani anazungukia nyuma. Watoto waliokuwa wanakuja kuokota mabibo chini ya mkorosho wetu hawakuja. Jirani yetu, mama kijana mwenye mtoto anayeanza kusimama, ndiye aliyenipa hofu zaidi. Ua wa mabua tu ndio unaotutenganisha, na alizoea kumwacha mtoto kwa Bibi anapokwenda kuchota maji. Sasa alikuwa anambeba mgongoni, ndoo kichwani, na anapopita kwetu anavuta kanga kumfunika mtoto kichwa, hata pasipo na jua.

"Labda mtoto amekuwa mzito wa kuachwa," Bibi alisema.

Nilimpigia mpiga picha nikamwomba akitoe kile kipande. "Dada yangu," alisema, "hiyo ndiyo sehemu pekee waliyoipenda!" Nilifikiria kupita nyumba kwa nyumba nikieleza. Lakini anayejieleza kabla hajaulizwa anaonekana ana jambo. Nikifikiria kukaa kimya, nilijiona kama ninasubiri jambo litokee. Nilifikiria kumpeleka Bibi Newala, halafu nikawaza watakavyosema: amekimbia.

Siku moja mchana, nikiwa napepeta mchele, nilimsikia jirani anapiga kelele. Niliposimama alikuwa ameshafika uani kwetu, mtoto mikononi, amekakamaa, macho yamegeuka.

"Mdogo wangu nisaidie! Baba yake yuko shamba, simu haipatikani!"

Bibi alitoka ndani kwa haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, mikono ameshainyoosha. Jirani alimwona. Alirudi nyuma hatua, akamgeuza mtoto upande wa pili.

Mimi niliwaza jambo moja tu: akimgusa, mtoto akifa, tumekwisha. Nikasimama kati yao. "Bibi, usimguse."

Alinitazama, akamtazama jirani. Aliishusha mikono. "Nenda nao wewe," alisema. "Mvue hizo nguo nzito, ana moto." Kisha akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilisikia komeo.

Tulipata bodaboda barabarani, tukapanda wote watatu, mtoto katikati. Njia nzima nilikuwa nimemshika kifua nikisubiri kila pumzi. Zahanati walimpokea haraka. Alitobolewa kidole, wakasema ni malaria, homa ndiyo iliyomletea degedege, wakamchoma sindano na kumfuta kwa maji. Mwili ulilegea, akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile. Tukakaa kwenye benchi, jirani akiwa amemlaza mtoto mapajani, tukisubiri homa ishuke.

Baada ya muda jirani akasema, bila kunitazama, "Bibi yako kwa nini alifunga mlango?"

Nilidhani mlango ule ndio uliotuokoa.

"Alikuona unaogopa," nilisema. "Hakutaka uendelee kuogopa."

"Mtu asiye na kitu hafungi mlango."

"Na angebaki nje?"

Alimvuta mtoto karibu zaidi. Mimi nilikuwa nimeshawaza hivyo hivyo kwa siku nyingi: akitoka, watasema ametoka, akijificha, watasema anajificha. Nilitoa simu, nikakifungua kile kipande. Aliondoa uso kama nimemwonyesha nyoka.

"Angalia na mimi," nilisema. "Nakuomba, dada. Nitakwambia kila neno."

Nilipunguza sauti ili wagonjwa wengine wasisikie. "Hapa anasema mmenikalisha kwenye moshi tangu asubuhi. Hapa, mguu umekufa ganzi."

"Na hapa anaponyoosha kidole?"

"Anaonyesha kuku. Wanakula makopa yake."

"Kuku wa nani?"

Nilisita. "Kuku wa watu. Nadhani ni wako."

Alinigeukia. Mdomo ulimcheza, akauzuia kwa kiganja, na bega likatikisika. "Siku hiyo!" alisema. "Siku hiyo walirudi wamevimba vifua kwa shibe, nikajiuliza wamekula wapi!" Alicheka hasa, mpaka mama mmoja wa benchi la pili akageuka. Kisha akamtazama mtoto wake, akamshika paji la uso.

"Rudia," aliniambia. Nikarudia, akasikiliza bila kucheka, kama mtu anayekagua mshono wa nguo. Mwisho akasema, "Sema hivyo hivyo kwa sauti yako, urekodi, unitumie. Mimi nitaweka kwenye kundi la mtaa. Ukiweka wewe hawataamini."

"Na wakiniuliza kuhusu leo? Alivyofunga mlango?"

"Nitasema nilimwogopa mimi."

Nilirekodi pale pale, nje ya zahanati, upepo ukiingia kwenye simu. Nilifuta nikarekodi tena, nikihofia neno hili limekaa kama utetezi, lile kama mzaha. Alininyang'anya simu akajitumia, kisha akaiweka kwenye kundi kwa simu yake. Tukaona alama za kusomwa zinaanza kutokea. Mtu wa kwanza aliweka kikaragosi cha kulia, na mimi bado sikujua ni kilio gani.

Jua lilikuwa linaegemea magharibi nilipofika nyumbani. Mchele ulikuwa bado kwenye ungo pale pale uani. Nilibisha hodi kwenye mlango wetu wenyewe.

"Nani?"

"Mimi, Bibi."

Komeo halikusogea. "Mtoto?" aliuliza kutoka ndani, na nikaisikia sauti yake ilivyo karibu, imeegemea mbao.

"Mzima. Ni malaria. Wamempa dawa."

"Mama yake yuko nyuma yako?"

Nikageuka. Jirani alikuwa amesimama kwenye upenyo wa ua, mtoto amelala begani, kanga imeshuka. Hakuwa amesogea mbele, wala hakuwa ameondoka.

"Yupo," nilisema.

"Basi mwambie asimame hapa mbele ya ufa wa mlango nimwone," Bibi akasema, "ndipo nifungue."