Nilimsomea Yasini, Maziwa Yakamwagwa

Sina pa kuficha uso, basi nasema: mimi ndiye niliyemnyima mjukuu wangu chakula, na nilimnyima nikiwa na msahafu mkononi.

Ni mtoto wa mwanangu wa kiume, bado ananyonya. Nimonia ilimlaza chumba cha mahututi hapa Morogoro mjini, akawa anapumulia mashine. Mama yake alikamua maziwa, wakampa kwa mpira uliopita puani. Nami nikateremka kutoka Matombo kumsomea.

Saa ya kuona wagonjwa iliangukia saa ya kumlisha. Nikimkuta mkwe wangu ameshika bomba la maziwa, namwambia, "Subiri, mwanangu. Kwanza Mungu."

Anasubiri. Afanyeje? Mimi ni baba mkwe wake! Nami husoma taratibu, siruki herufi. Nikimaliza, nesi anayesimamia kulisha yuko kwa mtoto mwingine, maziwa yamekaa mno, yanamwagwa. Kesho yake nikarudia. Na keshokutwa!

Daktari akasema mtoto hana nguvu ya kuachishwa mashine, chakula hakimtoshi. Nesi akamgeukia mama: "Unakamua ili ulishe sinki?"

"Nisamehe, sista."

Nilikuwa palepale. Nikaendelea kuvuta uradi. Ee Mola wangu! Nilimwacha mkwe wangu abebe kosa langu, na midomo yangu inakutaja Wewe!

Siku iliyofuata nilipofungua msahafu, mkwe wangu akasema, "Baba, naomba mtoto ale kwanza."

"Unataka nimkatize Mungu?"

Nesi akasikia. "Shikamoo mzee. Kumbe ni wewe! Hapa anayekatizwa ni mtoto. Kakae kwenye benchi pale nje, Mungu anafika mpaka huko."

Nilikwenda kwenye benchi. Ni kweli, anafika.

Mtoto alipata nguvu taratibu, akatolewa mashine, alhamdulillahi. Walipotoka hospitali, mama yake akapitiliza naye kwao Mlali. Nikamfuata, nikasema mbele ya wazazi wake kwamba lawama ile ilikuwa yangu. Akanipa maji ya kunywa kwa adabu, kisha akaingia ndani na mtoto, akafunga mlango. Simlaumu. Ninaendelea kwenda huko.

Wazee wenzangu, ukimkuta mtoto analishwa, keti! Dua haichachi kwa kusubiri. Maziwa huchacha.