Mama na Wali wa Jana

Mama yangu hamwagi chakula. Tangu alipohamia kwetu Shella ya Malindi, baada ya baba kufariki na nyumba ya Mambrui kumwelemea, sijamwona hata mara moja akitia wali kwenye ndoo ya taka. Ukibaki wa kumtosha mtu mmoja, anaufunika kwa sinia na kuuacha pale pale juu ya meko. Asubuhi anaupasha, anaunywea chai ya rangi, na uso unamchangamka.

Mimi nafanya kazi Kilifi, hurudi Malindi magharibi ikikaribia. Mama hupika mara moja tu, mchana, wali wa tui zito. Nikifika, sufuria iko mekoni tangu adhuhuri, kwenye jiko lenye kidirisha kimoja na joto la kutoa jasho ukiwa umekaa.

"Mama, huu wali umekaa mno nje. Ungeutia kwenye friji mapema."

"Wali wa friji hauna ladha, mwanangu. Unakuwa kama changarawe."

Nilinunua vibakuli vipana vyenye vifuniko, nikamwonyesha namna ya kuutandaza wali upoe upesi kabla ya kuutia kwenye baridi. Alivisifu sana. Baadaye nikavikuta chumbani kwake, vimejaa vifungo na vipande vya udi.

Basi nikawa naweka chakula mwenyewe kwenye friji kila jioni. Hata hivyo asubuhi maziwa yalikuwa yamekatika na mchuzi una povu. Nikamwita fundi, akaikagua friji, akaniambia ni nzima. Nilimwona kama tapeli. Mpaka alfajiri moja nilipotangulia jikoni na kukuta swichi ya ukutani imezimwa.

"Nani amezima friji?"

"Mimi," mama akajibu kutoka kwenye mswala wake. "Kutwa kucha inanguruma. Nayo ipate kupumzika."

"Mama, friji si punda!"

"Wewe mwenyewe ukitoka Kilifi huji umechoka?"

Nilimgeukia mume wangu anisaidie. Yeye ni mtu wa upande wa Marafa, na kwao mkwe habishiwi. Akizungumza na mama hata sauti huishusha. "Muache mama," akasema. "Hapa ni kwake pia." Na kila alichoandaliwa na mama alikila mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Jumapili moja nilikwenda sokoni asubuhi. Niliporudi nilimkuta mume wangu amepiga magoti chooni, anatapika mpaka hawezi kusimama. Mama alikuwa mlangoni na gilasi ya maji ya ndimu. Mezani palikuwa na sahani mbili za wali wa Jumamosi, uliobaki mekoni usiku nilipopitiwa na usingizi mapema, zote zimelambwa.

Tukamchukua hadi zahanati ya karibu. Mama alitoka na leso zake tu, buibui ameisahau, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu.

Muuguzi, dada mpole, akamuuliza mgonjwa, "Umekula nini tangu jana?"

Mume wangu akamtupia mama jicho. "Bajia," akasema. "Nilizila barabarani."

Bajia! Jana yake alishinda nyumbani akipaka rangi mlango, hata dukani hakwenda.

"Amekula wali wa nazi wa jana," nikasema. "Umelala nje usiku kucha."

"Niliupasha moto!" mama akadakia. "Ulitoka mvuke!"

"Shikamoo, mama," muuguzi akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mama akaitikia. "Wali ukikaa nje saa nyingi, vijidudu huzaana ndani yake na kuacha sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiuchemsha."

"Mbona mimi nimekula sufuria ile ile na ni mzima?"

"Mmoja hudhurika, mwingine husalimika, mama. Huwezi kujua zamu ni ya nani."

"Ni bajia," mume wangu akanong'ona, dripu mkononi. Nilitamani kumtikisa pamoja na hiyo dripu yake.

Jioni, alipopata nguvu kidogo, nilimuuliza kwa nini ameniacha peke yangu mbele ya mama.

"Ulitaka nimwambie mkwe wangu amenilisha sumu?"

"Nilitaka useme ulichokula!"

Akageukia ukutani. Nikabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda, hasira imenijaa na sina wa kuitolea.

Siku zilizofuata mama alimpikia uji yeye mwenyewe, akimsimamia mpaka anaumaliza. Hakutaja wali. Nilipojaribu kuuanzisha mjadala, alinikatiza. "Babako hakunywa chai bila kiporo maisha yake yote. Kila asubuhi tulikula sahani moja." Akainama kuchambua mchicha. Sasa nifanye nini, nigombane na marehemu?

Friji haikuzimwa tena, hilo nilishukuru. Kisha jioni moja nikarudi kutoka kazini, nikakuta meko tupu. Sufuria imeoshwa, imeinamishwa. Nilifurahi hata nikataka kumkumbatia.

"Wali uko wapi, mama?"

"Yule muuguzi nilimsikia," akasema kwa fahari. "Wali haulali nje tena." Akafungua kabati, akanitolea hotpoti. Nilipoinua kifuniko, fukuto likanipiga usoni. Wali wa adhuhuri, vuguvugu kama maji ya kuogea, na harufu ya kuchacha imeshaanza.

"Mama! Hivi ndivyo vijidudu vinavyopenda!"

"Nje hamtaki, ndani hamtaki. Mnataka niuweke wapi?"

"Kwenye friji! Friji, mama!"

Niliumwaga wote mbele yake. Aliingia chumbani akajifungia, na mume wangu akanitazama kana kwamba nimempiga mama.

Siku hizi mchele naupima mwenyewe kabla sijatoka kwenda Kilifi, kiasi cha kuliwa mchana na kwisha. Chakula changu huwekwa kwenye kibakuli kidogo ndani ya friji, na mume wangu ndiye anayekitia, kimyakimya, mama asipoangalia. Mama naye huwaambia majirani, tena mimi nikisikia, kwamba kwa binti yake watu hawashibi.