Nilivyostaafu Ukaguzi wa Umeme Nikiwa Kidato cha Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti na sare ya shule, kwa kuwa ilikuwa Jumanne na baada ya kazi nilikuwa na kipindi cha Historia. Nawaandikia ninyi mlioingia kidato cha kwanza mwaka huu, mnaochomeka simu popote penye tundu ukutani kama mijusi waliofukuzwa kwao. Enzi zetu, yaani mwaka jana, kupima vyombo vya umeme shuleni ilikuwa kazi yenye heshima zake. Niliifanya mihula miwili nikastaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Kiinua mgongo changu ni bisibisi.

Ilianza hivi. Shule yetu, kama mnavyoiona, iko mtaa wa Gurei katika nyumba ya kupanga. Wafadhili walituletea kompyuta, wakatuletea na boila kubwa ya chai, kisha wakasema hawaleti kitu kingine mpaka shule ikatiwe bima. Kampuni ya bima huko mtaa wa Amarat ikasema haikati bima mpaka kila chombo chenye plagi kipimwe na mtu mwenye umahiri. Mudir, yaani mwalimu mkuu, akaanza kutafuta umahiri wa karibu. Akasikia kuna mafunzo ya siku moja kwenye hoteli fulani Amarat, akamteua Ustaz wa Fizikia. Ila Ustaz siku hiyo alikuwa anafundisha shule nyingine, maana mshahara wa shule moja haumfikishi mtu Ijumaa. Akaniita nyuma ya darasa.

"Wewe si ndiwe uliyetengeneza redio ya mlinzi?"

"Niliiharibu, Ustaz. Ilijitengeneza yenyewe baadaye."

"Basi umahiri unao. Nenda, kula chakula chao, uje unisimulie."

Nikaenda. Mkufunzi alikuwa Mkenya mwenye tai, na kwa kuwa mimi nimekulia Eldoret tulielewana haraka. Alitufundisha kwamba mpimaji si lazima awe mhandisi, lakini lazima awe na vitu vitatu. Kwanza, mafunzo na mazoezi yanayomwezesha kujua anachokiona. Pili, chombo cha kupimia ambacho nacho hupelekwa kupimwa, kwa sababu mizani mbovu haiwezi kumshitaki mwizi. Tatu, bima ya dhima, yaani bima ya kumlipa mtu mwingine akiumia kwa kosa lako. Nilivutiwa sana na hiyo ya tatu. Nikawaza, laiti wazazi wangekata bima ya namna hiyo siku nilipozaliwa.

Tulijifunza pia kwamba ukaguzi huanza kwa macho: waya uliochubuka, plagi iliyopasuka, fyuzi iliyobadilishwa kwa kipande cha msumari. Kisha unapima waya wa ardhi, ambao mafundi wa soko la Custom huuita athi. Huo ni waya wa tatu kwenye plagi. Hauleti umeme, kazi yake ni kuupeleka mchangani umeme uliopotea njia, kabla haujapitia kwa mtu. Chombo kikifaulu kinabandikwa stika ya kijani, kikianguka kinabandikwa nyekundu. Mwishoni nikapewa cheti cha kuhudhuria, jina langu kamili juu yake, na kuku.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa chumba cha kompyuta. Huko nilibandika kijani nyingi, na wasichana wa kidato cha pili walikuja kutazama. Huo ndio uliokuwa upeo wa maisha yangu kazini. Kuanzia hapo ni mteremko.

Nikahamishiwa ofisi ya Mudir. Kulikuwa na feni, kulikuwa na simu ya mezani isiyoita, na juu ya kabati kulikuwa na pasi. Mudir hupiga shati lake pasi hapohapo ofisini kila Jumatatu kabla ya gwaride, na siku za wageni. Waya wa ile pasi ulikuwa umefungwa utepe mweusi sehemu nyingi kama mgonjwa aliyetoka vitani. Nikatoa stika nyekundu.

"Ya jena, mtoto wewe," Mudir akasema, "hiyo ni pasi ya nani?"

"Ya shule, Mudir."

"Ni ya mke wangu. Kwani bima ni ya mke wangu au ni ya shule?"

"Ya shule."

"Khalas, basi. Kagua shule."

Nikarudisha stika mfukoni. Nilikuwa mfanyakazi, na mfanyakazi ana mkuu wake.

Kituo cha tatu kilikuwa jikoni, chini ya Mama Keji. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa mpishi wetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtoto kutoka mtaa wa pili. Wakati wa vita alikimbilia Arua, ng'ambo ya mpaka, akakaa miaka, na Kiswahili chake alikiokota huko sokoni. Alifanya kazi amevaa gambuti, zile buti za mpira za mvuani, jua liwake lisiwake. Nikamuuliza kwa nini.

"Hii boila inasalimia mimi," akasema.

"Inakusalimiaje, Mama?"

"Trrr! Mpaka kiwiko. Kama mimi iko na gambuti, inasalimia kidogo. Kama mimi iko miguu tupu, inasalimia kama imemiss mimi."

"Kila siku?"

"Jumatatu. Na siku ya wageni. Iko na adabu, inajua wageni."

Tukacheka mpaka maharage yakashika chini. Jumatatu nikaja na bisibisi ya kupimia, ile yenye taa ndogo ndani ya mpini. Nikagusisha ncha kwenye bati la boila. Taa ikawaka. Bati la boila halitakiwi kuwasha taa yoyote. Bati ni la kushika. Nikabandika nyekundu, nikaichomoa boila, nikaenda kuripoti nikiwa na kifua mbele.

Mudir alinisikiliza mpaka mwisho. "Nyekundu jikoni maana yake chai hakuna," akasema. "Chai hakuna maana yake mgomo. Kati ya umeme na wanafunzi wasiokunywa chai, mimi naogopa wanafunzi." Hata hivyo akampigia simu Wakala wa Bima, na hapo nikampa alama moja, kwa sababu angeweza kunyamaza.

Wakala alikuja na viatu virefu vilivyozama kwenye udongo wa uwanja. Alikuwa mpole. Akauliza aliyepima ni nani, nikasimama.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na saba, na umahiri."

"Mtoto hakatiwi bima ya dhima. Ukikosea, nani atalipa?"

"Na nikipatia?"

Akafikiri kidogo, maskini, kwa haki kabisa. "Ukipatia pia, huna bima."

Kumbe hata kusema kweli kunahitaji bima! Stika zangu zote, za kijani na ile nyekundu moja, zikahesabiwa kama picha za watoto ukutani. Boila ikachomekwa tena. Shule ikaagiza mtu halali.

Mkaguzi Halali alikuja siku ya Alhamisi na mashine ya manjano kubwa kama betri ya lori. Alikuwa Mganda, na vyeti vyake vya Kampala alivitembeza kwenye mfuko wa plastiki. Sitamsema vibaya. Alifanya kazi taratibu, akanishikisha waya wake mmoja, akanieleza kila namba iliyotokea. Alibandua nyekundu yangu, akaipima boila ikiwa baridi, akaipima ikiwa moto. Ikafaulu. Akabandika kijani.

"Lakini inamtetemesha Mama," nikasema.

"Boila haina kosa. Kazi yangu inaanzia kwenye plagi kuja kwenye chombo. Kuanzia plagi kwenda ukutani ni ukaguzi mwingine. Nimemwambia mkuu wako aagize na huo."

Ni kweli alimwambia, nilisikia. Na Mudir akajibu, kwa haki vilevile, kwamba ukuta ni wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko Khartoum, au alikuwako.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku iliyofuata nilimkuta Mama Keji jikoni miguu mitupu. Gambuti zilikuwa mlangoni, vidole vya miguu yake vyeupe na vimekunjamana kama vya mtu aliyetoka mtoni.

"Mama, vaa."

"Ya nini? Hii iko kijani. Miguu yangu ilioza ndani ya hiyo mpira."

"Mimi nakwambia ni mbaya."

"Wewe mtoto wangu ulisema mbaya. Mwenye karatasi alisema mzuri. Mimi nisikie nani?"

Nikamwambia tu, "Nisikie mimi," akanipa ukoko wa uji akanifukuza.

Jumatatu wafadhili walikuwa wanakuja kuona bima yao. Mudir alikuwa ofisini anapiga shati pasi. Tulikuwa tumepanga mstari kwa gwaride tuliposikia masufuria yakianguka, kisha ukelele usio wa mtu wala wa mnyama. Ustaz wa Fizikia alikuwa wa kwanza kuelewa. Hakukimbilia jikoni, alikimbilia swichi kuu akaivuta chini. Ndiyo maana Mama Keji yuko hai. Tulimkuta sakafuni kwenye maji, kiganja cha kulia kina alama nyeusi mahali kiliposhika bomba la boila. Umeme una tabia hiyo: ukiushika kwa kiganja, unafunga vidole vyako wenyewe, usiweze kuachia.

Mkaguzi Halali alirudi mwenyewe, bila kuitwa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akauinua waya wa ardhi wa nyumba nzima na kutuonyesha ncha yake. Ulikuwa unaning'inia hewani. Fimbo ya shaba iliyotakiwa kuwa mchangani ilikwisha kung'olewa, nadhani ilikwisha kuyeyushwa. Kwa hiyo waya za ardhi za vyumba vyote zilikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, na haziendi popote. Pasi mbovu ofisini ilikuwa inamwaga umeme kwenye waya huo, umeme unatembea mpaka jikoni, unakaa kwenye bati la boila isiyo na kosa, unangoja mtu mwenye miguu ya maji. Alieleza hayo akiwa amechuchumaa, hakutazama mtu usoni.

Kisha kikaja kikao. Mimi niliitwa kama shahidi na nikakaa karibu na dirisha. Wakala alieleza mambo yote polepole ili hata mimi nielewe, na tatizo ni kwamba nilielewa. Bima ya shule inalipa wanafunzi na wafanyakazi wenye mkataba wa maandishi. Mama Keji aliajiriwa kwa mdomo. Bima ya Mkaguzi inalipa makosa ya Mkaguzi, naye hakukosea. Boila ilifaulu na bado ingefaulu leo. Ukuta si wa shule, pasi si ya shule. Nilimsubiri mtu mmoja tu katika chumba kile aseme jambo la uongo ili nimpinge. Hakuna aliyesema. Mudir alilia, naandika hilo pia. Akaichukua pasi akairudisha nyumbani, na hiyo ndiyo hatua pekee ya usalama iliyochukuliwa mpaka leo.

Nilistaafu wiki hiyo. Mudir ameshaniambia nikifikisha miaka kumi na minane nirudi, watanikatia bima, nitakuwa na stika zinazohesabika. Nimemwambia nimezeeka. Wazee wa kazi huwaachia vijana busara, nami nimeitafuta ya kuwaachia ninyi, nimetafuta kwa dhati, sina. Someni muwe na vyeti. Kateni bima. Yule mwenye cheti na bima alikuja, akafanya kila kitu sawasawa, na mkono wa Mama ukaungua.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona kwake. Vidole vyake viwili vilikatwa na vilivyobaki havikunjiki. Alikuwa anawasha jiko la mkaa kwa mkono wa kushoto, njiti za kiberiti zinamponyoka, na hakutaka nimsaidie.

"Walipata mpishi mwingine?" akaniuliza.

"Walipata. Msichana kutoka Yei."

"Ukuta walitengeneza?"

"Wanangoja mwenye nyumba ajibu."

"Na boila?"

"Bado ina kijani, Mama. Na sasa walimu wamenunua birika lao la umeme, ni la kwao wenyewe, halikaguliwi."

Akapuliza mkaa. "Basi wewe ambia huyo msichana aogope."

"Nilimwambia, Mama."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza nina cheti gani."