Mama Aliyemjua Malkia kwa Sura

Jumamosi nilipeleka saa yangu itengenezwe kwenye duka moja la hapa Buffalo, mpakani na Kanada, ambalo pia hununua sarafu za zamani. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama wa Kikongo, kitenge chini ya koti la baridi. Tulikuwa tumeshasalimiana kwa Kiswahili. Akamwaga kwenye kaunta sarafu za Kanada, zile ambazo mashine za kufulia za kazini kwake huzikataa na wateja humwachia.

Mwenye duka hakuzigusa. "Dola tano, zote."

Mama akanigeukia. "Baba, umwambie angoje kidogo."

Akaanza kuzitenga kwa kidole, bila miwani wala kitabu. Zote zilikuwa na malkia yule yule. Zenye sura yake ya ujana akaziweka kulia. Za utu uzima, kushoto. "Bon, haya. Hizi za usichana wake ni fedha, ile ya bangili. Hizi za uzee ni chuma tu."

Nikatafsiri kwa sauti ya chini, maana nilishaanza kuona aibu kwa niaba yake. Mwenye duka akatabasamu, akatoa sumaku, ambayo haivuti fedha. Za kushoto ziliirukia zote. Za kulia, hakuna hata moja iliyotikisika.

Tabasamu lake likafutika. Akavuta mizani. "Muulize nani alimfundisha."

Mama akacheka. "Kwetu milimani nilijua ng'ombe mia kwa sura, kila mmoja na mama yake. Sasa nishindwe na mwanamke mmoja?"

Hilo nililitafsiri kwa sauti kubwa, foleni nzima isikie.